Mashati meupe, chandarua cha kijani, na ma-NGO yanayouza

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nje kidogo ya mji wa Morogoro, uani kwa mama mmoja, nimekaa kwenye kigoda na daftari langu mapajani, na mbele yangu kwenye kamba yameanikwa mashati matatu ya shule, meupe pee, yani ule weupe ambao ukiutazama juani lazima ufinye macho. Nikamwambia mama hongera kwa kweli, watoto wanaenda shule wamependeza, unatumia sabuni gani? Akacheka, akaingia ndani, akatoka na chupa. Ilikuwa chupa yetu. Dawa yetu ya kutibu maji ya kunywa.

"Si hii hii mnayotuletea mwanangu," akasema, "vifuniko viwili kwenye beseni, unaloweka jioni, asubuhi unasuuza tu."

Nilikosa la kusema kwa muda, maana mimi ndo ninayeandika ripoti za mauzo pale ofisini. Asasi yetu ni ndogo, tuko watu tisa na dereva, hatugawani faida, tunachukua dawa ya klorini kwa jumla tunaiweka kwenye chupa ndogo zenye lebo yetu halafu tunaipeleka kwenye maduka ya vijijini kwa bei ambayo mwenye duka anapata chochote kitu na mnunuzi haumii, na ile tofauti inayobaki analipa mfadhili. Kifuniko kimoja ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa, unakunywa. Sasa kwa miezi tisa mauzo yamekuwa yakipanda tu, kila ripoti naweka grafu inayoelekea juu, kila kikao tunapongezwa, na mimi mwenyewe nilikuwa najisikia vizuri sana kwa sababu najua kipindupindu kimefanya nini huku kwetu miaka ya nyuma. Kumbe kipande cha ile grafu ni mashati.

Na yule mama hajakosea kitu chochote. Kanunua kwa hela yake, katumia kwa shida aliyonayo, mwalimu anarudisha mtoto nyumbani akija na shati la njano, hiyo ni shida ya kweli kabisa. Aliyekosea ni sisi, tulihesabu chupa zilizotoka dukani tukasahau kuuliza zimeenda wapi. Hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima sasa nimeona niandike.

Kuna watu wanashtuka wakisikia NGO ina mtu wa masoko. Mjomba wangu aliniuliza kabisa siku ya msiba wa bibi, tumekaa kwenye mkeka tunasubiri chakula, sasa nyie kama hamtafuti faida mnatangaza nini, si mgawe tu? Na nadhani ndo wengi wanavyofikiria, kwamba masoko ni kazi ya makampuni ya soda na ya simu, na asasi kazi yake ni kugawa na kupiga picha. Lakini ukiangalia kwa makini, vitu vingi ambavyo kizazi changu kimevizoea, jina la kondomu, chandarua chenye dawa, maneno fulani ambayo tunayasema kila siku bila kujua yametoka wapi, vililetwa sokoni na mashirika ambayo hayana mwenye hisa hata mmoja anayesubiri gawio. Wameuza, wametangaza, wamepanga bei, wamefungasha, wamegombania nafasi kwenye rafu ya duka kama mtu yeyote. Tofauti ni kwamba hela ikibaki inarudi kwenye kazi, na tofauti nyingine kubwa zaidi ni kwamba kile wanachokiuza hasa hakikai kwenye chupa. Wanamuomba mtu abadilishe jambo analolifanya kila siku nyumbani kwake. Kumuuzia mtu soda ni rahisi, atakunywa aende. Kumwambia mtu leo usiku lala tofauti na ulivyolala jana na juzi na maisha yako yote, hiyo ni kazi.

Mi nimejua hii kazi kabla sijajua jina lake, kwa sababu mama yangu alikuwa wakala wa vyandarua.

Tulikuwa tunaishi bonde la Kilombero, kijijini, na mama alikuwa na duka dogo la kaunta ya mbao, chumvi, viberiti, mafuta ya taa ya kupima, betri, sabuni ya mche ya kukata vipande. Mwaka 1997 nikiwa na miaka 8 ulikuja mradi uliokuwa unaitwa KINET, kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga, walikuwa ni watu wa kituo cha utafiti cha Ifakara pamoja na wenzao wa Uswisi, na walikuja na chandarua chenye jina lake kabisa, Zuia Mbu. Sikumbuki mikutano yao. Ninachokumbuka ni kwamba mama aliletewa vyandarua kwenye mifuko ya nailoni, akachukua kimoja cha kijani akakifungua akakining'iniza kwenye boriti juu ya magunia ya chumvi, wazi kabisa kama vile kuna kitanda pale. Wanawake wakija kununua mafuta ya taa wanaingiza mkono ndani, wanafinya kitambaa, wanakivuta kidogo kuona kama kinachanika, wanakiinua kwenye mwanga kuhesabu matundu. Halafu yanaanza maswali, je kitaenea kitanda cha watu watatu, je naweza kwenda nacho dungu, maana kule kwetu msimu wa mpunga familia nzima inahamia shambani mbali inalala kwenye vibanda vya miti kwa miezi, na huko ndo kwenye mbu wa kutisha. Mama alikuwa anajibu kila swali. Hakuwahi hata siku moja kuanza na malaria.

Nilimuuliza baadaye nikiwa nimeshasoma masoko chuoni, nilitaka kujua kwa nini. Akaniambia mwanangu, anayekuja pale dukani anataka alale. Kelele za mbu sikioni, mtoto analia usiku kucha, mume ananung'unika, asubuhi jembe linakusubiri. Hilo ndo alilokuwa nalo mtu. Ukimwambia habari ya malaria atakwambia homa ni homa tu, kila mtu anapata, dawa zipo, na degedege wengi walikuwa hawaihesabu kwenye malaria kabisa, ilikuwa na mganga wake na maelezo yake. Kwa hiyo mama aliuza usingizi na chandarua kikafanya kazi yake nyingine kimya kimya.

Bei ilikuwa shilingi 3,000, kwa wakati ule ni kama dola 5, na dawa ya kukichovya upya ikiisha nguvu pakiti moja shilingi 250. Kwa mkulima wa mpunga 3,000 haikuwa hela ndogo. Na hapa kuna kitu ambacho nadhani hakuna mtu wa mbali angekiona kwenye makaratasi: mbu wanazidi wakati wa masika, na hela inapatikana baada ya mavuno, kwa hiyo mtu anakihitaji chandarua kipindi ambacho mfukoni hana kitu na anapokuja kuwa na hela mbu wameshapungua na ana mambo mengine, ada, bati, harusi. Mama akafungua daftari. Lile daftari la madeni lina ukurasa ambao mpaka leo naukumbuka, jina la mtu halafu chini yake 500, 500, 300, 200, 500, mstari kwa mstari mpaka inafika, na akifika 1,500 anaondoka na chandarua anamalizia mpunga ukishavunwa. Sijui kama mradi ulimruhusu kufanya hivo. Nadhani hakuuliza.

Mwaka 2001 matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet. Watoto wachanga wanaolala kwenye chandarua chenye dawa walitoka chini ya asilimia 10 wakavuka asilimia 50 ndani ya miaka mitatu tu, na kulala kwenye chandarua hicho kulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la watoto kubaki hai, wale wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Nilisoma hiyo makala nikiwa mwaka wa pili chuoni, maktaba, nikaiprinti nikampelekea mama. Hasomi Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili pale barazani taratibu, na nilipofika kwenye ile 27 akaniambia rudia. Nikarudia. Akaanza kutaja watoto wa kijijini kwa majina, wa fulani na wa fulani, ambao sa hivi ni watu wazima wana watoto wao.

Kwa hiyo mtu akiniambia masoko ni mambo ya kijanja ya kuwachukulia watu hela zao, mi namsikiliza tu, lakini nina ule ukurasa wa daftari kichwani.

Hii njia haikuzaliwa Ifakara lakini. Mwaka 1951 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, G. D. Wiebe, aliuliza swali ambalo lilizua mjadala mrefu: kwa nini undugu kati ya watu hauuziki kama sabuni inavyouzika? India wakalijibu kwa vitendo mwaka 1968, serikali ikatoa kondomu inaitwa Nirodh, paisa 15 kwa tatu, na badala ya kuiacha kwenye zahanati peke yake wakaipa makampuni yaliyokuwa tayari yanafika kila kijiji, Brooke Bond na Lipton wa chai, Hindustan Lever wa sabuni, Union Carbide wa betri. Yani gari linalopeleka majani ya chai linapeleka na kondomu. Mwaka uliofuata wasomi wa masoko wa Marekani, Philip Kotler na mwenzake Sidney Levy, wakaandika kwamba masoko sio ya makampuni tu, hata kanisa na hospitali na chuo wanafanya masoko wapende wasipende, na 1971 Kotler akiwa na Gerald Zaltman ndo wakalipa jambo lenyewe jina, masoko ya kijamii.

Na Afrika Mashariki tuliingia mapema kuliko wengi wanavyojua. Phil Harvey na daktari Mwingereza Tim Black walianzisha shirika la PSI (Population Services International) mwaka 1970, na moja ya kazi zao za mwanzo kabisa ilikuwa Meru, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 70, kondomu iliyoitwa Kinga, ikiuzwa kwenye maduka ya kawaida ya vijijini. Kinga! Neno moja tu la Kiswahili, herufi tano, limesema kila kitu na halimwoneshi mtu aibu akilitamka mbele ya mwenye duka. Mi nalipenda sana hilo jina. Baadaye huku kwetu miaka ya 90 PSI hao hao wakaja na Salama, ukienda dukani unaomba Salama na hakuna anayegeuka kukuangalia. Halafu ikaja T-MARC, hii ni asasi ya Kitanzania ya mwaka 2004, na kondomu yao ya Dume. Fikiria kazi iliyopo kwenye kuchagua jina kama hilo, mtu amekaa akajiuliza kijana wa kijiweni atalitamka vipi neno hili mbele ya wenzake.

Maneno ndo yananivutia kuliko kitu chochote kwenye hii kazi. Mnaikumbuka "Usione soo, sema naye", ile kaulimbiu ya kampeni ya Ukimwi kwa vijana? Tulikuwa sekondari, lilikuwa kwenye mabango, kwenye redio, kwenye fulana, na tulilitumia kwa kila kitu, hata kumuomba mtu kalamu. Na Fataki je? Kuanzia mwaka 2008 hivi matangazo yale yalikuwa yanarushwa redioni, mzee mwenye hela anamfukuzia binti wa shule, chipsi, simu, lifti, na kila mara kabla hajafanikiwa anatokea mtu, jirani, mhudumu, mama mwenye genge, anamshtua yule binti na Fataki anaumbuka. Kabla ya hapo lile jambo tulikuwa tunaliona wote lakini halikuwa na jina la kulisemea hadharani. Baada ya hapo likawa na jina. Nilishuhudia kwa macho yangu daladala moja pale Msamvu, jamaa mtu mzima anamsogelea mwanafunzi aliyevaa sare, konda akasema kwa sauti "oya Fataki, muache dogo," gari zima likageuka, na yule baba akateremka kituo kilichofuata. Walioandika yale matangazo sijawahi kukutana nao ila siku nikikutana nao nitawashika mikono yote miwili. Na angalia ujanja wake, hawakumlaumu binti. Wangeweza kutengeneza tangazo la kumwambia binti jitunze, jiheshimu, kama tulivyozoea, badala yake wakazungumza na sisi tuliokaa pembeni tunaangalia.

Sio kila mara inaenda hivo. Kenya mwaka 2013 kulikuwa na tangazo la televisheni, lile la wanawake wawili wanazungumzia mpango wa kando, mmoja anamshauri mwenzake kama unatoka nje basi tumia kondomu, viongozi wa dini wakaja juu, likaondolewa hewani. Wapo waliosema linahalalisha uzinzi, wapo waliosema maambukizi yapo ndani ya ndoa na kunyamaza hakusaidii. Mi nipo upande wa pili lakini nawaelewa wa upande wa kwanza, wale watu wanakaa na watoto wao sebuleni saa mbili usiku wanasubiri taarifa ya habari. Ukimwandikia mtu ujumbe lazima ujue amekaa na nani wakati anaupokea.

Turudi kwenye bei maana hapa ndo pagumu.

Mwaka 2004 serikali yetu ilianzisha Hati Punguzo, fikra ambayo mizizi yake iko kule kule bondeni maana KINET walishawahi kujaribu hati za kupunguza bei kwa wajawazito na wenye watoto wadogo. Mjamzito akienda kliniki anapewa hati, anaipeleka dukani, inapunguza bei ya chandarua, yeye anajazia kilichobaki. Mwenye duka anarudisha hati kwa msambazaji anapata mzigo mpya. Mashirika yasiyo ya faida ndo yalikuwa yanaendesha sehemu kubwa, MEDA kwenye usambazaji na hati zenyewe, World Vision na CARE kwenye mafunzo na uhamasishaji. Ilikuwa kitu kizuri kwa macho ya mtu wa masoko, duka linaishi, mjamzito anapata, hakuna lori la bure linalokuja kuua biashara ya mama yangu.

Dada yangu alikuwa mjamzito mwaka 2006. Alirudi na hati kutoka kliniki akaifunga kwenye pindo la khanga, na ilikaa pale. Wiki ya kwanza, ya pili. Wakati huo alikuwa ameolewa kijiji kingine, mbali na duka la mama, na hela ya kujazia hakuwa nayo, mume anasema subiri, na mwenye duka wa kule hakuwa na daftari kama la mama. Hati ilichakaa mle mle kwenye khanga kwa jasho na kwa kufunguliwa na kufungwa mpaka namba zikaanza kufutika. Mama alipopata habari ndo akatuma mtu na hela. Sasa huyo ni mwenye mama mwenye duka. Asiye naye?

Mwaka 2009 ule utaratibu ukabadilishwa, mnunuzi akawa anajazia shilingi 500 tu nchi nzima, basi. Na karibu na hapo ndo ikatoka tafiti ya Kenya iliyofanywa na Jessica Cohen na Pascaline Dupas kwenye kliniki za magharibi ya Kenya, ilichapishwa 2010, walijaribu kutoa vyandarua kwa wajawazito kwa bei tofauti kuanzia bure mpaka shilingi 40 za Kenya. Kutoka bure kwenda 40, waliochukua wakapungua kwa pointi 60 za asilimia. Shilingi 40 tu! Na lile jambo tulilofundishwa siku zote kwamba mtu akilipa ndo atathamini, akipewa bure atavulia samaki, hawakuliona, waliopewa bure walikitumia sawasawa na waliolipa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema tangu 2007 kwamba vyandarua vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa, na hapa Tanzania 2010 na 2011 vikagawiwa bure zaidi ya milioni 17.

Duka la mama likaacha kuweka vyandarua. Alivyokuwa navyo vya mwisho vinne akavigawa kwa wakwe. Sikumwona akilalamika, ila aliniambia kitu kimoja: hivi vya bure vikichanika mwakani nani ataleta vingine? Hilo swali ni zito na halijaisha, maana ugawaji unakuja kwa kampeni na kampeni ina tarehe ya kufunga, duka linafungua kila siku asubuhi. Lakini nikipima dada yangu na ile hati kwenye khanga, na pointi 60, mi nasema bure ilikuwa sahihi kwa chandarua. Nimesoma masoko miaka mitatu na bado nasema hivo. Bei nayo ni sehemu ya ujumbe, na kuna wakati bei ndo ukuta wenyewe, ukiutoa huo mengine yote yanajipanga.

Kwa dawa ya maji sina uhakika huo, chupa inaisha kila mwezi, sio kitu cha mara moja kwa miaka mitatu. Ndo maana sisi bado tunauza.

Sasa kinachoniumiza hasa kwenye hizi asasi zetu, na nasema kama mtu niliyemo ndani. Tuna wateja wawili. Kuna yule anayetumia, na kuna yule anayelipa, na hawajuani, wako maelfu ya kilomita mbali. Kampuni ya soda ikikosea ladha, anayekunywa ndo anayelipa, wiki ijayo wanajua. Sisi tukikosea, yule mama hanunui, au ananunua analowekea mashati, na mfadhili anaendelea kutuma hela kwa sababu ripoti imeandikwa vizuri. Kwa hiyo taratibu, bila mtu kuamua, kalamu nzuri zote zinahamia kwa anayelipa. Nimewahi kufanya kazi sehemu nyingine kabla ya hapa, siitaji, bajeti ya picha na video kwa ajili ya wafadhili ilikuwa kubwa kuliko hela ya kuzunguka vijijini kusikiliza watu, na niliwahi kuambiwa na bosi nitafute mtoto "mwenye kuonesha shida zaidi" kwa sababu yule niliyempiga picha alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa sababu nilimwambia kichekesho. Ile picha ninayo mpaka leo kwenye simu, haikutumika.

Na sio lazima iwe hivo. 2011 Wakenya walipochangishana kwa ajili ya njaa ya kaskazini, ile Kenyans for Kenya, Msalaba Mwekundu na makampuni ya kwao, mtu alikuwa anaweza kutuma kuanzia shilingi 10 kwa simu. Lengo lilikuwa milioni 500 na likavukwa. Pale anayetoa na anayepokea wanaongea lugha moja, wamepanda basi moja, na huwezi kumdanganya mtu wa Nakuru kuhusu Turkana kirahisi kama unavyoweza kumdanganya mtu aliyeko London.

Basi, Jumanne ile sikuondoka. Nilimwomba yule mama kama hana haraka tuongee, akaniletea maharage upande wangu nikawa nachambua naye. Nikamuuliza maji ya kunywa je, unaweka? Akasema anaweka siku mtoto akiwa anaumwa tumbo. Siku nyingine? Akanyamaza, halafu akasema taratibu kama anayeogopa kuniumiza, "Yananukia dawa mwanangu. Mgeni akija nikimpa yale maji atasema nimempa maji ya kufulia."

Akaja jirani yake, naye akasema hivo hivo. Akaja wa tatu, msichana mdogo ana mtoto mgongoni, huyu ndo alitufungua macho. Akasema yeye anaweka usiku wakishakula, akiosha vyombo vya mwisho anaweka kifuniko kwenye ndoo anafunika na sahani, asubuhi harufu imepungua kabisa, mume wake hajui kama maji yana dawa. Wale wawili wakamgeukia wakaanza kumuuliza maswali, wewe unafunika na nini, unaacha mpaka saa ngapi, na mimi nikawa naandika haraka mpaka karatasi ikachafuka na vumbi la maharage. Lebo yetu ina maelezo saba na mchoro wa vijidudu. Hakuna sehemu imeandikwa usiku, na neno harufu halimo kabisa.

Juzi nimekaa na mwenzangu wa usambazaji tukakubaliana tuwafuate wanunuzi wa maduka sita, nyumba kwa nyumba, tuulize chupa ya mwisho iliishia wapi, kwenye ndoo au kwenye beseni. Na tumeandika lebo mpya kwa mkono, mstari wa kwanza ni maneno ya yule msichana karibu kama alivyoyasema: weka usiku mkishakula, asubuhi maji ni matamu. Neno "matamu" alilisema yeye. Tutaibandika kwenye chupa hamsini tuone. Na nimewaza pia hayo mashati, kwa nini tuyakatae, labda kuna chupa kubwa ya kufulia tunaweza kuuza kwa bei kamili na hela yake ikashusha bei ya ile ndogo, nitalileta kwenye kikao.

Ripoti ya robo mwaka inatakiwa Ijumaa. Jana usiku nimeifungua, nikaenda chini ya ile grafu, nikaandika kwamba sehemu ya dawa hii inatumika kufulia sare za shule na bado hatujajua ni kiasi gani, na kwamba tunaenda kuuliza. Mkurugenzi kaisoma leo asubuhi. Kanirudishia na sahihisho moja la herufi, ile sentensi kaiacha.